Mikono Juu, Tunagawa Namba

Mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza katika ofisi ile ya ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na akaingia saa mbaya, angeapa kwamba wenyewe wamevamiwa. Watu wazima, wenye akili zao na familia zao, wamekaa mbele ya kompyuta wakiwa wameinua mikono juu. Hakuna anayekohoa. Mwanamke mmoja tu, miwani imemshukia hadi ncha ya pua, ndiye anayegusa kitu, naye anagusa taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba. Siku moja aliingia mleta maji ya kunywa, akaiona hali ile, akalitua dumu lake sakafuni bila kelele na kuinua mikono yake pia. Akakaa hivyohivyo mpaka mwanamke yule aliposema, "Haya, shusheni." Ndipo akauliza kama wezi wameshaondoka.

Wezi hawakuwepo. Alikuwepo Mama Namba, na alikuwa anagawa namba.

Ofisi ile inachora majengo ya vyuma. Si zile picha za kupendeza za kumwonyesha mwenye jengo akafurahi. Wao huchora kila kipande, nguzo, boriti, bamba, hadi tundu la bolti, ili karakana ikate na mafundi wasimamishe. Jengo moja huchorwa na watu wote kwa pamoja, ndani ya modeli moja inayokaa kwenye kompyuta kuu, kila mtu akifanya sehemu yake mezani kwake. Wakati huu ninaousimulia walikuwa na paa la soko jipya, kubwa ajabu. Mzee Paa, mtu wa miaka mingi na nywele chache, alichora pau za juu. Dada Viungo, mdogo kuliko wote, alichora viungo, yaani pale boriti inapokutana na nguzo zikafungwa kwa bolti; wala si viungo vya mchuzi, maana utani huo alishausikia hadi ukamchosha. Injinia, mkuu wao, alipiga hesabu za uzito na kukagua kazi. Mama Namba alichora nguzo na boriti, na juu ya hayo ndiye aliyegawa namba.

Kila kipande cha chuma kina namba yake. Vipande vikifanana kwa kila hali hupewa namba moja. Kimoja kikimzidi mwenzake tundu moja tu, undugu umekwisha, kinapewa ya kwake. Namba hiyo huandikwa kwenye mchoro, karakana huigonga kwenye chuma chenyewe, na kule saiti fundi aliyekalia boriti miguu ikining'inia huisoma ndipo ajue kipande kinakwenda wapi. Na namba ikishakwenda karakana, imekwenda. Huwezi kuibadilisha kwa sababu umeamka na wazo jipya. Chuma kimeshakatwa na kugongwa, nacho hakina masikio ya kuambiwa kwamba tangu leo kinaitwa vingine.

Zamani kila mtu pale alijigawia namba alipozitaka. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo kilikwenda mrama kwelikweli. Walikuwa wakichora ghala. Watu wawili wakagawa namba kwa wakati mmoja, kila kompyuta ikachukua namba inayofuata bila kujua kwamba ya jirani nayo imeishika ileile. Boriti mbili tofauti zikatoka na namba moja. Kreni ikainua boriti mbele ya mwenye ghala na wageni wake, ikafika juu, kumbe fupi. Ikabaki inaning'inia hewani, watu wameikodolea macho, na Injinia akiomba ardhi ipasuke immeze.

Baada ya fedheha ile Injinia akatoa amri: mtu mmoja tu ndiye atakayegawa namba, na wengine watahifadhi kazi zao kwanza, kisha waondoe mikono kwenye kompyuta mpaka amalize. Mtu huyo akawa Mama Namba. Haukupita muda akagundua kwamba Mzee Paa akiambiwa aondoe mikono huiondoa kwa mdomo tu. Vidole vyake vina maisha yao. Ndipo akaanzisha utaratibu wake. "Sevuni!" angeita, na sauti anayo, Mungu hakumnyima. "Mmesevu? Mikono juu!" Na mikono ikapanda. Ilianza kama mzaha, ikawa sheria, na tangu hapo hakuna boriti iliyoinuliwa ikawa fupi.

Tusimwonee, mama huyu alikuwa hodari. Aliajiriwa akiwa msichana, enzi za kuchora kwa wino, kosa likikwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ioneshe nuru upande wa pili. Kompyuta zilipoingia, wengi wa rika lake waliaga. Yeye alibaki, akajifunza huku akiitukana mashine kwa sauti ya chini, na siku mashine ilipomwelewa akasema imejirekebisha yenyewe. Alizipenda namba zake. Kuona kila kitu katika jengo zima kina mahali pake na hakuna kinachogombania jina la mwenzake kulimpa raha ambayo hakuwa na namna ya kumweleza mtu mwingine.

Ila raha hiyo ilikuwa na gharama yake, na aliyeilipa hakuwa yeye peke yake. Nyumbani alikuwa na mume, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, mtu wa maneno mengi hata akiwa na sindano mdomoni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, kifungua mimba na ndiye huyohuyo kitinda mimba. Binti alikua akijua kwamba ana mpinzani. Siku ya mahafali yake, mama hakutokea. Karakana walikuwa wanasubiri namba. Siku ya harusi alitokea, tena amependeza, lakini alipotafutwa apige picha na bibi harusi alikutwa nyuma ya ukumbi, simu sikioni, anamwelekeza mtu namna ya kutofautisha bamba na bamba. Nami simtetei. Kulikuwa na watu wa kufundishwa kazi hiyo muda wote, na hakuwafundisha.

Sasa binti ni mwalimu katika mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mumewe ni mpima ardhi, leo yuko bonde hili, kesho mlima ule. Na binti akawa mjamzito. Siku moja akapiga simu, mama yake akiwa anapepeta mchele.

"Mama, daktari anasema nijiandae. Mume wangu hana hakika kama atapewa ruhusa."

"Nitakuja, mwanangu. Nitakuja nikae nawe mpaka ujifungue na upate nguvu."

Binti akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Sawa mama. Namba zikikubali."

Simu ikakatika. Mama Namba akabaki na ungo mkononi. Angefokewa angejua la kujibu, maana kufoka alikujua tangu zamani. Lakini mtoto hakufoka. Alikuwa ameshazoea kutomtegemea, na hilo ndilo lililomchoma. Mumewe alipouliza kulikoni, alisema moshi umemwingia machoni, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Asubuhi yake akaenda kwa Injinia kuomba likizo.

"Nenda mama, mjukuu haji kila siku," Injinia akasema. "Ila paa la soko bado. Awamu ya mwisho lazima iende karakana wewe ukiwa huko. Nani atagawa namba?"

Swali lilikuwa dogo, nalo lilimshika pabaya. Mzee Paa? Vidole vile? Injinia mwenyewe alikuwa anashinda saiti. Akabaki Dada Viungo, ambaye kazi alikuwa anaijua, mwepesi, macho makali, lakini sauti yake ukitaka kuisikia sharti uzime feni.

"Dada Viungo," akasema, na neno likamtoka kama jino.

Akaanza kumfundisha. Ukimsikiliza alivyokuwa anafundisha ungesema anatafuta mtu wa kumrithi. Ukiangalia mkono wake ungesema vingine. Kila Dada Viungo aliposhika kipanya, mkono wa Mama Namba ulikuwa juu yake.

"Hapa unachagua kulinganisha na namba za zamani. Unaona? Hii nyingine, ya kuanza upya, usiiguse hata ukiota. Ukiigusa jengo zima linabadilishwa majina na karakana watatufukuza kwa mawe. Basi bonyeza. La, ngoja. Ngoja nibonyeze mimi, wewe tazama."

"Nimetazama tangu juzi, mama," Dada Viungo akasema polepole.

"Tazama tena, macho hayana foleni."

Nyumbani alimweleza mumewe jinsi mafunzo yanavyokwenda, na kwamba Dada Viungo bado hajaiva. Mumewe akatoa sindano mdomoni, jambo analolifanya tu akiwa na neno la maana au la kuudhi.

"Mke wangu, mimi niliwafundisha wanafunzi kushona. Siku uliyomwachia kitambaa chako kizuri ndiyo siku aliyojua. Wewe unamfundisha mtu kuogelea umemkaba shingo."

"Wewe ukikosea unafumua. Chuma hakifumuliwi."

"Na mtoto je? Anafumuliwa?"

Akamjibu kwamba chakula kinapoa. Lakini maneno yalikuwa yameshamwingia, na kesho yake akaamua kufanya jaribio. Akasema anakwenda karakana kutwa, na kwamba siku hiyo Dada Viungo atagawa namba peke yake. Akaondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Karakana ile ni bati na kelele, cheche zinaruka, watu wamevaa miwani myeusi na kusemeshana kwa ishara. Fundi mkuu wake, mwanamume mfupi mwenye kicheko kirefu, alimtafutia kiti, akampa chai, akamwonyesha vyuma vya awamu iliyopita vikiwa vimepangwa, kila kimoja na namba yake. Mama Namba akapita katikati yao akivigusa. Ilikuwa siku nzuri. Akajiambia kwamba inawezekana, kwamba anaweza kupanda basi na moyo wake ukatulia.

Mchana michoro mipya ikafika kutoka ofisini. Fundi mkuu akaitandaza mezani, akaikodolea, akaanza kucheka.

"Mama, njoo uone. Mmeniletea mapacha. Namba moja, lakini mmoja mrefu, mwenzake kaishia kiunoni. Mapacha gani hawa?"

Mama Namba akavuta miwani juu. Ni kweli. Upau mmoja wa paa na kiungo kimoja cha pembeni, vimeshika namba ileile. Bahati njema hakuna kilichokuwa kimekatwa.

Sasa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe alimwambia mumewe tu, tena kwa shida. Kitu cha kwanza alichokihisi pale, katikati ya cheche na kelele, kilikuwa furaha. Alifurahi. Nilisema mimi! Bila mimi hapaendi! Kifua kikamjaa, akajiona mrefu. Kisha furaha ileile ikageuka ikamtazama usoni. Kama bila yeye hapaendi, basi haendi yeye. Binti atalala hospitali akiangalia mlango, na atakayeingia ni muuguzi. Na yeye, mama mzazi, alikuwa amesimama karakana anafurahia. Akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akaweka kikombe chini, akaomba wasikate chochote, akarudi ofisini.

Huko habari ilishatangulia. Mzee Paa alikuwa anasafisha miwani iliyokwisha kuwa safi. Dada Viungo alikuwa amevimba macho. Wote walingoja kelele, maana walimjua. Kelele hazikuja. Akavuta kiti, akakaa katikati ya chumba.

"Nielezeni. Polepole. Nani aligawa?"

"Mimi, mama," Dada Viungo akasema. "Kama ulivyonifundisha. Nililinganisha na za zamani, sikuanza upya."

"Na mimi," Mzee Paa akasema, na upara ukaanza kung'aa jasho. "Karakana walinipigia, wanataka mchoro mmoja wa pau haraka. Nikajigawia. Kidogo tu."

"Kidogo! Mzee, ulisikia ameita mikono juu, ukajigawia?"

"Nisingejigawia, wallahi. Mbona hakuita? Mimi nilikaa natega sikio. Sikusikia mtu, nikajua leo hamna kugawa."

Macho yote yakahamia kwa Dada Viungo. Alikuwa anakunja pindo la kitambaa chake cha kichwani.

"Hukuita?" Mama Namba akauliza.

"Sikuita."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliona haya." Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wote wainame mbele. "Mzee ni umri wa baba yangu. Injinia naye alikuwepo leo. Nitawaambiaje watu wazima 'mikono juu'? Nilijaribu mara mbili, mdomo ukakataa. Nikasema nitagawa kimyakimya, upesiupesi, hakuna atakayejua."

Chini, dukani, mtu alikuwa anatikisa kopo la rangi. Mama Namba akamtazama binti yule, na kwa mara ya kwanza akaona alichokuwa amekisahau kumkabidhi. Vitufe alimfundisha vyote. Lakini kazi yenyewe haikuwa kwenye vitufe. Ilikuwa kwenye ile ruhusa ya kuwasimamisha wakubwa zako nao wakasimama, na ruhusa hiyo yeye aliipata kwa umri, kwa mvi, na kwa ukali wake wa kuzaliwa. Hakuwahi kufikiri kwamba asiyekuwa nayo sharti apewe, tena apewe hadharani.

"Kosa ni langu," akasema. Mzee Paa akaangusha miwani. Neno hilo halikuwa limewahi kusikika katika chumba kile kutoka kinywa kile.

Akainuka. "Dada Viungo, njoo ukae hapa kwangu. Mimi nakwenda kwako. Kuanzia sasa mwenye namba ni wewe. Haya, gawa."

Dada Viungo akakaa pembeni ya kiti, kama mgeni. Akafungua mdomo.

"Samahani jamani... kama hamtajali..."

Wakaangua kicheko, naye akacheka huku amejifunika uso.

"Mficha uchi hazai," Mama Namba akasema kutoka meza ya viungo. "Ita."

"Sevuni."

"Nani kafa? Ita!"

Mzee Paa akageuza kiti chake chote. "Binti yangu, niamrishe bila wasiwasi. Mke wangu ananiamrisha asubuhi na jioni, na unaniona nilivyonawiri."

Dada Viungo akavuta pumzi, akafumba macho. "Sevuni! Mmesevu? Mikono juu!"

Wa kwanza kuinua mikono alikuwa Mama Namba. Aliinua yote miwili, juu kabisa, mpaka blauzi ikachomoka. Mzee Paa akafuata. Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka, Injinia akatokea mikono ikiwa hewani, kalamu katikati ya vidole, akauliza kama amechelewa. Dada Viungo akafumbua macho, akaona wote wanamtii, na kitu kikakaa sawa usoni mwake.

"Mzee, na kidole hicho!" akasema kwa ukali.

"Astaghafiru," Mzee Paa akanong'ona, akakitoa.

Mapacha wakatenganishwa, kila mmoja akapata namba yake. Na siku hiyohiyo Mama Namba akakubali jambo jingine alilolikataa kwa muda mrefu. Mzee Paa alikuwa ameshauri zamani kwamba kila aina ya kipande iwe na mwanzo wake wa namba, pau zianzie huku, nguzo kule, viungo kwingine, ili hata watu wawili wakiteleza kwa pamoja namba zao zisigongane. Lilikuwa wazo zuri. Mama Namba alikuwa akisema litawachanganya karakana. Haikuwa kweli. Alilikataa kwa sababu lingepunguza haja ya yeye kuwepo, na sasa haja hiyo ndiyo aliyotaka ipungue. Waliliweka kwa vipande vyote ambavyo havijatoka, na vilivyotoka wakaviacha na namba zao vilizokwenda nazo.

Mpaka anaondoka hakugusa kipanya cha mtu. Mara mbili mkono ulinyanyuka wenyewe, akaukalia.

Aliposhuka basi katika ule mji mwingine, binti yake alimfungulia mlango, tumbo likimtangulia, akamtazama mama yake, kisha akatazama kilichokuwa nyuma yake.

"Umekuja na sanduku?"

"Ulitaka nije na nini?"

"Siku zote unakuja na pochi," binti akasema. Akalivuta sanduku ndani mwenyewe, akakatazwa, wakaligombania mlangoni.

Wakakaa pamoja wakingoja. Mama alipika, alikunja nguo ndogo alizoshona babu mtarajiwa, alisimulia umbea wa mtaa. Siku za mwanzo alikuwa akijificha bafuni kupiga simu ofisini. Injinia akamvumilia, halafu akamwambia, "Mama, paa lipo na sisi tupo. Ukipiga tena nitamwambia Dada Viungo akuamrishe ushushe simu." Akaacha. Yaani akapunguza.

Uchungu ulianza asubuhi, wanakunywa chai. Hospitalini waliwapa kitanda karibu na dirisha, na mkunga, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya joto, akasema bado kidogo, ni kungoja tu. Binti alishika mkono wa mama yake. Uchungu ulipokuja aliuminya mpaka mifupa ikalia, ukipoa anaulegeza, lakini hauachi. Hawakuwahi kushikana mkono kwa muda mrefu hivyo tangu binti alipokuwa anapelekwa shule ya vidudu.

Simu ikaita. Jina likawaka: Dada Viungo.

Binti aliliona. Akauachia mkono. Aliufungua tu, kama mtu anayemwachia jirani ndoo yake, kwa sababu ndivyo ilivyo, ya mwenyewe ni ya mwenyewe.

"Pokea tu, mama," akasema, akageukia dirisha.

Mama Namba akapokea.

"Mama, samahani sana," Dada Viungo akasema. "Injinia ameongeza matundu kwenye boriti moja ya lango la soko. Mchoro wa kwanza umeshafika karakana, sijui kama wamekata. Ibaki na namba yake au niipe mpya?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa tayari ulimini, halihitaji hata pumzi mbili, na nyuma yake yalijipanga mengine, mpigie fundi mkuu kwanza, uliza hili, angalia lile. Alijua pia kwamba akilitoa hili, kesho litaitishwa jingine. Mkono wake uliokuwa mtupu ukawa baridi. Akaunyoosha, akaushika tena ule wa binti yake, kwa nguvu.

"Mwanangu, wewe unaonaje?"

"Naona... naona niipe mpya. Ile ya zamani isitumike tena popote."

"Mwenye namba ni wewe. Amua wewe. Mimi niko na binti yangu, anajifungua, na sitoki hapa."

Akakata. Binti alikuwa amegeuka kutoka dirishani, anamtazama. Akataka kusema neno, uchungu ukamkatiza, akauminya mkono wa mama yake kuliko mara zote, na mama akamwambia minya, minya mwanangu, huo ni wako.

Msomaji mwenye wasiwasi na boriti ya lango nimtulize: Dada Viungo aliamua sawasawa. Aliipa namba mpya, akaizika ya zamani, kisha akampigia fundi mkuu mwenyewe, tena kwa sauti iliyomfanya fundi mkuu aondoe simu sikioni. Boriti ilikuwa haijakatwa. Siku hizi ndiye anayegawa namba pale, na Mama Namba, tangu aliporudi kazini, huinua mikono yake kama wengine.

Lakini hayo hayakuwa na nafasi katika chumba kile siku ile. Mkunga alirudi, akaangalia, akasema wakati umefika, mtu mmoja tu anaweza kubaki. Mama akabaki. Aliambiwa amfute jasho, akamfuta. Aliambiwa amshike mgongo, akamshika. Wakati fulani alijikuta analia na kucheka pamoja, na mkunga akamwuliza ni nani anayejifungua, yeye au huyu. Jua lilikuwa limeshavuka dirisha mtoto alipolia, wa kike, sauti kali, akakataa kunyamaza hata alipobembelezwa. Mkunga akamweka kifuani kwa mama yake. Bibi akasimama pembeni, anahesabu vidole vya mtoto, anapotea, anaanza tena.

Alipokuwa anasuuza vitambaa kwenye beseni pembeni, alisikia simu ya binti ikiita. Alikuwa mkwe, mtandao umempata juu ya kilima huko aliko, anapiga kelele za furaha mpaka zikasikika kitanda cha pili. Aliuliza hali ya mtoto, akauliza hali ya mke wake. Kisha sauti yake ikashuka.

"Pole sana mke wangu. Ulikuwa peke yako?"

"Sikuwa peke yangu," binti akasema. Alikuwa amechoka hata maneno yalimtoka moja moja. "Mama alikuwepo."

"Mama? Alikuja?"

"Alikuwepo tangu mwanzo. Mpaka mwisho."